Kipandauso Kisichopona: Je, Ni Kuvu?

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Makuyuni, wilaya ya Korogwe)



Leo hatukuja na habari za mbolea wala za ng'ombe. Tumekuja kuzungumza habari za pua. Msicheke. Pua ni kitu kidogo usoni, lakini ikiziba mtu halali vizuri, chakula hakina ladha, na akiinama kupalilia kichwa kinamgonga kama ngoma. Wazee wameyapa maumivu ya namna hiyo jina lake: kipandauso. Kipandauso kina sababu nyingi. Leo tutaizungumza sababu moja ambayo wengi hawaijui, nayo ni kuvu. Wengine huiita fangasi, ni kitu kile kile.

Kuvu yenyewe kila mmoja wetu anaijua. Mahindi yakivunwa kabla hayajakauka, yakarundikwa na unyevu wake, baada ya siku chache unaona ukungu wa kijani au wa manjano juu ya punje. Ukilitikisa gunzi hilo, vumbi linaruka. Vumbi lile ni mbegu za kuvu. Mbegu moja jicho haliioni, ni ndogo mno. Tunaona vumbi kwa sababu mbegu ni maelfu kwa maelfu.

Mbegu hizo zimo hewani siku zote. Zimo kwenye udongo, kwenye samadi, kwenye mabua yanayooza, kwenye mabaki ya mkonge, hata kwenye paa la makuti. Asubuhi ya leo sote tumezivuta. Mbona basi hatuumwi? Ili tujibu swali hilo, lazima kwanza tujue uso wa mtu umejengwaje.

Weka kidole shavuni, chini ya jicho. Umegusa mfupa. Nyuma ya mfupa huo pana chumba kitupu, chenye hewa tu. Kulia kimoja, kushoto kimoja. Sasa weka kidole juu ya nyusi. Humo namo mna vyumba. Vingine vidogo vidogo viko katikati ya macho, na vingine viko ndani kabisa, nyuma ya pua. Madaktari huviita vyumba hivyo sainasi. Kila chumba kina mlango mdogo unaofungukia ndani ya pua. Kuta zake zimefunikwa na ngozi laini yenye ute. Vumbi likiingia, pamoja na mbegu za kuvu, linanaswa na ute. Kisha vinyweleo vidogo sana vinausukuma ute ule mpaka mlangoni, unateremka kooni, tunaumeza bila kujua. Kazi hiyo inaendelea usiku na mchana. Ndiyo maana hatuumwi.

Taabu huanza mlango unapoziba. Unaweza kuzibwa na mafua ya muda mrefu, au na nyama za puani, au na mfupa wa pua uliopinda. Jino bovu la juu nalo linaweza kuleta ugonjwa chumbani, maana mizizi ya meno ya juu iko karibu sana na sakafu ya chumba cha shavu. Mlango ukiziba, ute unabaki ndani, unakuwa mzito, unaoza. Hapo mbegu ya kuvu iliyoingia imepata pa kuota: giza, joto na unyevu. Ni kama ghala lisilopata hewa.

Kitu kingine cha kukumbuka ni majirani wa vyumba hivi. Pembeni liko jicho. Juu uko ubongo. Ukuta unaotenga jicho na vile vyumba vya katikati ni mfupa mwembamba kama karatasi. Kwa hiyo ugonjwa wa sainasi si wa pua peke yake.

Lakini tusitiane hofu. Mafua mengi na vipandauso vingi havitokani na kuvu. Vinatokana na vijidudu vya mafua, na mara nyingi vinapoa vyenyewe katika siku kumi hivi. Ugonjwa wa sainasi unaitwa sugu ukipita wiki 12, yaani kama miezi mitatu. Mtu ambaye pua yake imeziba miezi mitatu, amekwisha meza dawa za vijidudu mara mbili au tatu, na hapati nafuu ya kudumu, huyo ndiye anayepaswa kujiuliza swali tuliloliandika juu ya mazungumzo haya.

Tuchukue mfano. Tuseme yuko mama mmoja mkulima, si wa hapa, ni mfano tu. Shavu lake la kulia ni zito. Tundu la kulia la pua linatoa kamasi ya njano, inanuka mpaka yeye mwenyewe anaisikia. La kushoto ni zima kabisa. Amenunua amoksilini dukani, akameza siku tatu, akaacha alipoona nafuu. Baada ya wiki mbili harufu imerudi. Akanunua tena. Jirani akamwambia avute ugoro. Mwingine akamwambia akatwe kimeo. Wa tatu akamnong'oneza kwamba huo ni mkono wa mtu.

Tuseme wazi. Ugoro unawasha pua na kuzidisha ute, hauponyi. Kimeo kiko kooni, hakina uhusiano wowote na chumba cha shavuni, na kukikata kwa wembe kumewaua watoto kwa kutoka damu na kwa pepopunda. Kujifukiza kwa mvuke kunaweza kulegeza kamasi kwa muda, ila hakuui kuvu, na sufuria ya maji ya moto imeunguza wengi, hasa watoto. Habari ya mkono wa mtu hatuna la kusema, isipokuwa kwamba kuvu haina haja ya kutumwa na mtu. Imo hewani tayari.

Hatimaye mama yule anakwenda zahanati. Sikilizeni mazungumzo yao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ugonjwa huu ulianza lini?"

"Siku nyingi sasa."

"Siku nyingi ngapi, mama?"

"Tangu wakati wa kupalilia."

"Kupalilia kwa masika au kwa vuli?"

Mama anafikiri. Hana hakika. Dawa alizomeza anakumbuka rangi yake tu, "nyekundu na njano". Tabibu anaandika kwenye karatasi: muda mrefu. Na kwa "muda mrefu" hakuna mtu anayeweza kujua kama ni wiki sita au ni miezi sita. Jibu hilo kwa daktari ni nusu ya kazi yote.

Hapo ndipo kisomo chetu kinapoingia. Nyinyi mmejifunza kuandika. Daftari la senti chache linaweza kumwambia daktari mambo ambayo mashine haiwezi kumwambia. Mama yule angeweza kuandika hivi:

"Machi 3. Shavu la kulia zito. Kamasi ya njano, upande mmoja tu. Inanuka.
Machi 20. Nimemeza amoksilini siku 3. Nafuu.
Aprili 6. Imerudi kama mwanzo.
Aprili 19. Jino la juu la kulia linauma nikitafuna."

Mistari minne tu. Lakini imesema ilianza lini, iko upande gani, imetibiwa kwa dawa gani na kwa siku ngapi, na imeongeza habari ya jino. Ule upande mmoja ni habari kubwa. Mafua ya kawaida hushika pande zote mbili. Pua ikitoa uchafu upande mmoja tu kwa muda mrefu, daktari anafikiria mambo machache: jino bovu, fundo la kuvu, au uvimbe, na uvimbe mwingine ni saratani. Kwa mtoto mdogo anafikiria kwanza punje ya mahindi au haragwe alilojitia puani. Watoto tunawajua.

Sasa tuifuate njia ya kuutambua ugonjwa wenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa na kurudi nyumbani kabla ya kufika mwisho.

Daktari ana maswali mawili. La kwanza, je, chumbani mna kuvu? La pili, je, kuvu hiyo imekaa juu ya ngozi ya chumba, au imepenya ikaingia ndani ya nyama? La pili ndilo zito. Kuvu iliyokaa juu ni kama mpangaji msumbufu. Kuvu iliyopenya ndani ya nyama ni kama mchwa kwenye nguzo.

Kwa kumtazama mtu usoni, huwezi kuyajibu maswali hayo. Kwa kunusa huwezi. Hata daktari bingwa hawezi. Ndiyo maana tunapitia ngazi.

Zahanati wanasikiliza, wanatazama pua kwa taa, wanabonyeza mashavu na paji la uso, wanagonga meno ya juu. Wanapima sukari kwenye damu. Msishangae kupimwa sukari kwa ajili ya pua, sababu yake tutaieleza mbele. Wanashauri pia kupima virusi vya UKIMWI, kwa sababu mwili uliopungukiwa na kinga unashindwa kuizuia kuvu. Kutoka hapo mgonjwa anapewa barua ya rufaa. Kwa watu wa hapa Makuyuni, hospitali ya kwanza kubwa ni Magunga, Korogwe mjini. Juu yake iko Bombo kule Tanga. Juu zaidi ziko KCMC ya Moshi na Muhimbili ya Dar es Salaam, wanakopatikana madaktari bingwa wa masikio, pua na koo.

Ndugu zetu, barua ya rufaa si risiti. Isiwekwe chini ya godoro. Ina tarehe, na ina maneno ya tabibu yanayomfungulia mgonjwa mlango wa ngazi inayofuata.

Daktari wa pua anatia dawa ya ganzi puani, kisha anaingiza mrija mwembamba wenye taa. Anaona mlango wa chumba, anaona rangi ya ngozi, anaona ute. Ute mzito, unaonata kama siagi ya karanga, wa kahawia au wa kijani kibichi, unamfanya aitilie shaka kuvu. Ngozi iliyokufa ganzi, nyeupe au nyeusi, inamfanya aharakishe.

Halafu ni picha. Eksirei ya kawaida inaonyesha kivuli tu: chumba kimejaa, lakini kimejaa nini haisemi. Iko mashine kubwa zaidi inayoitwa siti skani. Inapiga picha za kichwa vipande vipande, kama mkate uliokatwa, daktari akavitazama kimoja kimoja. Fundo la kuvu likikaa muda mrefu linakusanya madini ya chokaa ndani yake, kwa hiyo katika picha linaonyesha madoa meupe kama vipande vya chuma ndani ya chumba. Picha hiyo inaonyesha pia kama mfupa umeliwa, na kama ugonjwa umekaribia jicho au ubongo. Ni kipimo kizuri sana. Lakini nacho ni ushahidi wa mbali.

Ushahidi wa karibu ni kinyama. Daktari anachukua kipande kidogo cha ngozi ya ndani ya chumba, pamoja na ute wake, anakipeleka maabara. Hapa watu wengi wanagoma. Wanasema, "Ukikatwa kinyama ugonjwa unakasirika." Ugonjwa haukasiriki. Kinyama hakikatwi ili kuusumbua, kinakatwa ili uonekane. Na kama kumbe ni saratani, kinyama hicho hicho ndicho kitakachosema.

Maabara wanakigawa. Sehemu moja inatiwa dawa inayoyeyusha nyama na kuacha kuvu ikionekana. Wanaiweka chini ya darubini, na jibu la kwanza linaweza kupatikana siku ile ile. Sehemu ya pili inahifadhiwa kwenye dawa ya fomalini, inakatwa nyembamba kuliko karatasi, inatiwa rangi, na daktari wa maabara anatazama kama nyuzi za kuvu zimeingia ndani ya nyama na mishipa ya damu. Hapo swali la pili limejibiwa. Sehemu ya tatu haitiwi fomalini, kwa sababu fomalini inaua kuvu. Hiyo inapandwa kwenye chakula cha kuvu ndani ya kisahani, kama sisi tunavyosia mbegu kwenye kitalu, wakangoja iote. Inaweza kuchukua siku chache, au wiki kadhaa. Mgonjwa anayeambiwa "majibu bado" asidhani karatasi imepotea. Kuvu inaota.

Na chini ya darubini kuvu hazifanani. Ile inayoitwa Aspajilasi, ambayo ni jamaa ya ukungu wa mahindi yetu, ina nyuzi nyembamba zenye pingili kama muwa, na matawi yake yanagawanyika kama panda. Kuvu za jamii ya Mukori zina nyuzi pana kama utepe, karibu hazina pingili, na matawi yanachepuka kama njia panda iliyonyooka. Tofauti hiyo tunaieleza kwa sababu dawa ya moja si dawa ya nyingine.

Mzee mmoja atauliza: kama kuvu imeota kwenye kisahani, si ndiyo ushahidi? Peke yake hapana. Tumesema mbegu zimo katika pua ya kila mtu. Ukiipanda kamasi ya mtu mzima wa afya, kuvu inaweza kuota pia. Ndiyo maana kisahani, darubini, picha, na maneno ya mgonjwa husomwa pamoja.

Majibu yanaweza kuwa ya namna nne. Mbili tutazipitia upesi. Ya kwanza ni fundo la kuvu. Kuvu imejiviringa kama donge ndani ya chumba kimoja, juu ya ngozi, haikupenya. Daktari analitoa kwa kupitia puani, anafungua mlango upitishe hewa, basi. Mara nyingi hakuna haja hata ya dawa ya kuua kuvu. Ya pili ni mzio. Mwili wenyewe unaichukia kuvu kupita kiasi, unatoa ute mzito, nyama za puani zinaota. Mara nyingi wanaopata hali hii ni vijana, na baadhi yao wana pumu. Hii husafishwa kwa upasuaji, kisha hutulizwa kwa dawa za kupunguza uvimbe chini ya uangalizi wa daktari. Ina tabia ya kurudi.

Ya tatu ni ile inayopenya polepole. Kwa hii tutoke kidogo hapa Korogwe twende Sudan. Mwaka 1969 madaktari wa huko waliandika habari za wagonjwa 17 waliokuwa na ugonjwa wa kuvu katika vyumba vya uso. Si watu waliokuwa dhaifu. Uvimbe ulikua taratibu, miezi mingi, ukasukuma jicho mpaka likatokeza nje. Mtu angedhani ni saratani, na bila kinyama asingejua vingine. Kumbe ilikuwa Aspajilasi. Tangu hapo Sudan imekuwa moja ya nchi zinazotajwa sana duniani kwa namna hii ya ugonjwa, na kuvu inayoonekana zaidi huko ni ile ya manjano na kijani inayoota juu ya mahindi na karanga.

Ngoja tutenganishe mambo mawili yasichanganyike. Kuvu hiyo ikiota kwenye mahindi inatoa sumu, ile inayoitwa sumukuvu. Mwaka 2016 watu 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka zenye sumukuvu. Hiyo ni sumu inayoliwa, inaharibu ini. Ugonjwa wa sainasi ni mbegu inayovutwa, ikaota ndani ya mtu. Kuvu ni moja, njia ni mbili. Anayepukuchua mahindi yenye ukungu afunge kitambaa puani na afanyie kazi mahali penye upepo, na mahindi yenyewe asiyale wala asiwape kuku.

Ya nne ndiyo inayotufanya tuzungumze leo. Ni ile inayopenya upesi. Hii haihesabu miezi, inahesabu siku, na pengine saa. Inawashika hasa watu wenye kisukari kisichotibiwa, watu wenye saratani ya damu au wanaotumia dawa kali za saratani, na watu waliotumia kwa wingi dawa za kupunguza uvimbe kama deksamethasoni na prednisoloni. Damu yenye sukari nyingi, hasa ikichacha kwa sababu ya kisukari kilichozidi, inailisha kuvu na inawalegeza walinzi wa mwili. Sasa mmejua kwa nini zahanati walipima sukari.

Kuvu hii inaingia kwenye mishipa ya damu na kuiziba. Nyama isiyopata damu inakufa, inakuwa nyeusi. Ndiyo maana mwaka 2021, ugonjwa huu ulipowashika watu wengi India baada ya kuugua korona, magazeti na redio waliuita kuvu nyeusi. Kuvu yenyewe si nyeusi, kilicho cheusi ni nyama iliyokufa. Katika miezi michache ya mwaka ule India iliandikisha wagonjwa zaidi ya 40,000, na maelfu wakafa. Wengi wao walikuwa na kisukari, na wengi walikuwa wamepewa dawa za kupunguza uvimbe. Hawakuambukizana. Kila mmoja aliivuta mbegu kutoka hewani, kama tunavyoivuta sisi. Mwaka uliofuata, Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu hatari kwa binadamu. Ziko 19. Aspajilasi na jamii ya Mukori zote zimo.

Dalili zake ni hizi, na tunaomba kila mwenye mgonjwa wa kisukari nyumbani azisome mara mbili. Uso unauma upande mmoja, kisha sehemu ya shavu inakufa ganzi. Kope inavimba. Mtu anaona vitu viwili viwili, au jicho halisogei, au linatokeza. Homa inaweza kuwepo au isiwepo. Ukimfungua kinywa ukatazama juu, kwenye kaakaa, unaweza kuona doa jeusi. Doa kama hilo linaweza kuonekana puani pia.

Mtu wa namna hiyo haandikiwi daftari. Hapelekwi dukani kununua amoksilini, wala hangoji siku ya gulio ili apate lifti. Anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku, na anayempeleka aseme mlangoni: "Ana kisukari, na jicho limevimba." Maneno hayo machache yanampitisha mgonjwa mbele. Madaktari hawatangoja kisahani kiote. Watakata kinyama, watazame kwenye darubini, waanze dawa, na waondoe nyama iliyokufa. Wakati huo huo sukari inashushwa. Dawa kubwa ya kuvu hii inaitwa amfoterisini. Ilipatikana katika miaka ya 1950 kutoka kwa kijidudu cha udongo wa kando ya mto Orinoco, nchini Venezuela. Udongo unatupa ugonjwa, udongo ule ule unatupa dawa. Inapitishwa kwenye mshipa, hospitalini, kwa uangalizi, kwa kuwa inaweza kuumiza figo.

Hapo tuwaonye kuhusu duka la dawa. Ziko dawa za fangasi zinazouzwa kila mahali, na inayojulikana zaidi ni flukonazoli. Ni dawa nzuri kwa fangasi za mdomoni na za sehemu za siri. Kwa Aspajilasi na kwa Mukori haifanyi kazi. Mafuta ya fangasi ya kupaka nayo hayafiki chumbani. Mtu anayejitibu kuvu ya sainasi kwa flukonazoli anapoteza fedha, na linalouma zaidi, anapoteza siku.

Yule mama wetu wa mfano tusimwache njiani. Tuseme alipelekwa, akapigwa picha, na madoa meupe yakaonekana katika chumba cha shavu la kulia. Sukari yake ilikuwa sawa. Fundo lilitolewa kupitia puani, bila kovu usoni, na kinyama kikaonyesha kuvu imekaa juu tu, haikupenya. Jino bovu likang'olewa. Hakupewa dawa yoyote ya kuvu, akashangaa, akadhani wamemnyima. Hawakumnyima, haikuhitajika.

Alichopewa ni maagizo ya kuosha pua kwa maji ya chumvi kila siku mpaka pua ipone. Wengi mtaagizwa hivyo, kwa hiyo tuandike vizuri. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe kikubwa, koroga. Inama, mimina tundu moja taratibu, yatoke tundu la pili. Maji ya kisima, ya mto au ya bomba yasiyochemshwa yasitiwe puani, kwa sababu yanaweza kuwa na vijidudu vinavyopanda mpaka kwenye ubongo. Chombo kioshwe na kukaushwa kila mara.

Siku ya kwenda kutazamwa tena imeandikwa kwenye kadi, kwa tarakimu. Aende siku hiyo hata kama anajiona mzima, maana daktari anataka kuutazama mlango wa chumba kama bado uko wazi. Achukue kadi, picha, karatasi ya majibu ya kinyama, na maganda ya dawa alizomeza, yote katika mfuko mmoja. Na daftari.